Shawa inatoa maji kiduchu: pima kwanza kabla hujanunua pampu

Mkuu, umesema tanki lako la lita 1,000 liko juu ya mnara wa mita 3, shawa inatoa maji kiduchu, na fundi anasema dawa ni pampu tu. Yalinikuta hayohayo Kigamboni, na nakuomba usitoe hela kwanza.

Angalia hili: asubuhi tanki likiwa limejaa, maji yana nguvu kuliko jioni? Kwangu ilikuwa hivyo, ndipo nikaelewa. Presha ya maji ya mserereko (yanayoshuka yenyewe bila pampu) haitokani na ukubwa wa tanki. Inatokana na kimo kutoka uso wa maji ndani ya tanki hadi kichwa cha shawa, na kila mita 10 za kimo ni kama baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Mnara wangu nao ni mita 3, lakini msingi wa nyumba umeinuka, hivyo kichwa cha shawa kilikuwa mita 2.5 kutoka chini. Tanki likijaa nabaki na mita 1.6 hivi, likikaribia kuisha, nusu mita. Hapo hakuna presha ya kupoteza hata kidogo.

Sasa chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Jaza kichwa cha shawa kikiwepo, kisha kitoe ujaze tena. (Kama ni shawa ya umeme, zima swichi yake kubwa kabla hujaigusa, tafadhali sana.) Mimi ilinichukua zaidi ya dakika 4 kikiwepo, dakika 2 na nusu nilipokitoa. Nilipokigeuza, vitundu vyake vilikuwa vimezibwa na magamba meupe ya chumvi ya maji ya kisima, na kichujio kimejaa mchanga. Nilikiloweka kwenye siki usiku kucha, nikavisugua kwa mswaki.

Lakini dakika 2 na nusu bila kichwa bado ni nyingi, kwa hiyo shida ilikuwapo pia njiani. Nilifuata bomba kutoka tanki hadi bafuni: lote la milimita 20, elbo tisa, na koki ya kuzungusha pale chini ya tanki iliyokwama katikati. Kumbuka bomba la PPR (la plastiki ngumu) la milimita 20 lile nene, tundu lake ni kama milimita 13 tu. Nilishusha bomba la milimita 32 kutoka tanki, nikaingia ndani kwa 25, nikabakiza 20 pale kwenye shawa yenyewe tu, na koki nikaweka ya mkono inayofunguka tundu zima. Ndoo ikajaa kwa dakika 1 na nusu, kichwa cha shawa kikiwa kimerudishwa.

Kama maji yako yanakatika na kurudi huku bomba likikoroma, tafuta sehemu bomba linapopanda darini kisha kushuka. Hewa inanasa pale. Lilaze lishuke mfululizo, au toa kibomba cha hewa kutoka pale juu kinachopanda kupita usawa wa tanki.

Usiongeze tofali juu ya mnara bila kumuuliza aliyeujenga. Tanki hilo likijaa ni tani moja.

Ukiona bado unahitaji pampu, ifunge baada ya tanki, kamwe usiifunge kwenye laini ya mtaa. Inavuta maji ya majirani, na penye ufa inavuta uchafu. Na muulize muuzaji kama inawaka kwa mtiririko mdogo, maana nyingine hazishtuki kabisa maji yakiwa dhaifu.