Diski pacha zimegoma kufunguka: usiziunde upya

Ndugu, unasema umeme ulikatika hapo Goma, na uliporudi diski zako mbili za RAID 1 (pacha zinazobeba nakala ileile) zikagoma kufunguka. Mdstat, yaani faili ya /proc/mdstat inayoonyesha hali ya RAID kwenye Linux, inaonyesha md127 (jina la diski hizo mbili zikiwa pamoja) imelala, "inactive". Pole sana. Nakusihi, usiguse mdadm --create (mdadm ni programu ya kusimamia RAID)! Inaandika kichwa kipya, yaani maelezo ya RAID, juu ya diski, na ukikosea kidogo tu, picha za wateja wako zimekwenda.

Endesha mdadm --examine kwa kila diski, utazame mstari wa Events, yaani hesabu ya mabadiliko. Yenye namba kubwa ndiyo iliyoandikwa mwisho; nyingine iliachwa nyuma. Simamisha md127 kwa --stop, kisha (tuseme yenye namba kubwa ni sdb1):

mdadm --assemble --run /dev/md0 /dev/sdb1
mount -o ro /dev/md0 /mnt

Hiyo ro ni ya kusoma tu. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje kwanza.

Mimi huku Bukavu nilihangaika usiku mzima, kumbe waya wa SATA umelegea. Niliusukuma ukalia "ta", diski ikaonekana. Kagua waya, pima diski iliyobaki nyuma kwa smartctl -a, programu ya kukagua afya ya diski. Ikiwa nzima, irudishe kwa --add, na usizime mashine mpaka mdstat iandike [UU], yaani diski zote mbili ziko kazini.