Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Waridi ni ya Nani?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Familia yetu inajiandaa kwa harusi ya mdogo wake mke wangu, na kamati imechagua pinki na kijivu kuwa rangi za sherehe. Mwanangu wa miaka minane ameshonewa shati la pinki, lakini mjomba wake, ambaye ndiye kaka mkubwa wa bibi harusi, ametangaza kwamba hatakanyaga ukumbini iwapo mtoto wa kiume atavalishwa rangi ya kike, kwani wazee wetu hawakufanya hivyo. Sipendi kugombana na shemeji, ila kosa la shati silioni. Je, ni kweli kwamba rangi hii ni ya wanawake tangu zamani?
Baba wa mtoto, Morogoro

JIBU: Marahaba. Dai la mjomba lina umri mdogo kuliko anavyodhani. Katika Ulaya ya karne ya 18, rangi ya waridi, yaani hiyo pinki, ilikuwa ya wenye fedha, wawe wanaume au wanawake; katika Ufaransa ya Mfalme Louis XV, mabwana wakubwa walivaa makoti ya hariri ya waridi yenye tarizi, na uanaume wao haukutiliwa shaka kwa sababu hiyo. Watoto wadogo wa Ulaya na Marekani, kwa upande wao, walivalishwa magauni meupe bila kujali jinsia, kwa sababu ya kawaida kabisa kwamba kitambaa cheupe cha pamba huweza kuchemshwa na kufuliwa mara nyingi bila kuchujuka.

Desturi ya kuwagawia watoto rangi ilipoanza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, haikuwa na mwelekeo mmoja. Mwaka 1918, jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini Marekani, lililochapishwa na kampuni ya Earnshaw, liliwaeleza wasomaji wake kwamba waridi ni ya wavulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu na uthabiti, ilhali buluu, iliyo ya upole zaidi, inawafaa wasichana. Mwaka 1927, Astrid, mke wa mrithi wa ufalme wa Ubelgiji, alipojifungua mtoto wa kike, jarida la Time liliandika kwamba kitanda cha mtoto kilikuwa kimekwisha kupambwa kwa waridi kwa matumaini ya kupata mvulana. Jarida hilo likayauliza maduka makubwa ya Marekani yanafuata desturi ipi, na majibu yakapishana: Marshall Field's la Chicago na Filene's la Boston yalisema waridi ni ya wavulana, huku Macy's la New York likisema ni ya wasichana. Ubishi huo, basi, ulikuwa wa wenye maduka ya ng'ambo, na ni vigumu kuona wazee wa Uluguru waliingiaje humo.

Rangi hii ilianza kuelekea upande wa wanawake baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Januari 1953, Mamie Eisenhower, mke wa rais mpya wa Marekani, alihudhuria dansi ya kuapishwa kwa mumewe akiwa na gauni la waridi lililopambwa kwa vito bandia zaidi ya 2,000, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo hata vigae vya mabafu ya Wamarekani viliigiza rangi yake. Mwanahistoria Jo Paoletti wa Chuo Kikuu cha Maryland, aliyechunguza nguo za watoto kwa miaka mingi, anaeleza kwamba mgawanyo huo ulilegea katika miaka ya 1970, kisha ukarudi kwa nguvu katika miaka ya 1980, wakati kipimo cha ultrasaundi kilipowawezesha wazazi kujua jinsia ya mtoto kabla hajazaliwa na kununua vitu vyake mapema. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha jambo: familia yenye msichana na mvulana ikikubali kwamba nguo za mmoja hazimfai mwingine, haitarithishana tena, bali itanunua mara mbili, na anayechekelea ni muuza duka.

Mketi faraghani, kwa heshima anayostahili kaka wa bibi harusi, umweleze kwamba tangu mwaka 1931 mwanamume anayeongoza mbio za baiskeli za Giro d'Italia, anayepanda milima ya Alps kwa nguvu za miguu yake, huvaa fulana ya waridi, kwa kuwa hiyo ndiyo rangi ya karatasi ya gazeti la La Gazzetta dello Sport lililoanzisha mashindano hayo. Kama ni mpenzi wa soka, mtajie klabu ya Palermo ya Italia, ambayo rangi zake za waridi na nyeusi zilianza mwaka 1907. Na kama michezo haimgusi, mtajie mji wa Jaipur nchini India, ambao mtawala wake aliamuru upakwe waridi mwaka 1876 ili kumlaki mwana wa Malkia Victoria, kwa kuwa huko rangi hiyo ni ya kumkirimu mgeni. Katika jimbo hilo la Rajasthan, wanaume hufunga vilemba vya waridi siku ya harusi bila wasiwasi wowote. Akikataa baada ya yote hayo, yeye apewe kijivu, maana kamati haikuchagua rangi mbili bure, lakini shati la mtoto libaki lilivyo.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Kila Oktoba tunavaa tepe za pinki kuhamasisha uchunguzi wa saratani ya matiti, na kila mara wanaume wakiona rangi hiyo hupita mbali wakidhani kuwa haiwahusu. Nani alichagua rangi hii?
Muuguzi, Eldoret

JIBU: Utepe wa kwanza haukuwa wa waridi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Charlotte Haley, mwanamke wa California ambaye saratani ilikuwa imewaandama watu wa familia yake, alitengeneza nyumbani tepe za rangi ya tunda la pichi na kuzigawa pamoja na kadi iliyolalamika kwamba taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani ilitenga sehemu ndogo tu ya bajeti yake kwa ajili ya kinga. Jarida la Self na kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder walipotaka kuutumia utepe wake mwaka 1992, alikataa akihofia kwamba ungegeuzwa kuwa wa biashara. Kwa ushauri wa wanasheria, walibadilisha rangi tu, wakachukua waridi, na wakaendelea na mpango wao. Hofu ya mama huyo ilikuwa na msingi, kwani tangu mwaka 2002 chama cha Breast Cancer Action kimekuwa kikiwahimiza wanunuzi waulize kwanza fedha za bidhaa zenye utepe huo zinakwenda wapi.

Malalamiko yako, dada, ni ya haki. Takriban mgonjwa mmoja kati ya kila 100 wa saratani ya matiti ni mwanamume, na wengi wao hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, kwa kuwa hawakudhani kwamba uvimbe kifuani mwao ungeweza kuwa ugonjwa huo. Utepe hamna haja ya kuuacha, kwa kuwa umekwisha kujulikana, lakini mabango yenu yaonyeshe mwanamume pia, na yaeleze waziwazi kwamba uvimbe chini ya chuchu, kuingia ndani kwa chuchu au kutokwa na majimaji ni sababu ya mwanamume kumwona daktari.

SWALI: Kamati ya shule yetu imeshauriwa kupaka madarasa pinki kwa madai kwamba rangi hiyo hutuliza fujo, na kwamba hata magereza huitumia. Je, tupake?
Mwalimu mkuu, Kigoma

JIBU: Msipake kwa sababu hiyo. Madai hayo yalitoka Seattle, Marekani, mwaka 1979, ambako mtafiti Alexander Schauss alilishawishi gereza la wanamaji lipake chumba cha mahabusu waridi, na ikadaiwa kwamba dakika 15 tu zilitosha kumpoza mtu. Uchunguzi wa baadaye haukuyathibitisha. Utafiti uliofanywa katika gereza la Uswisi na kuchapishwa mwaka 2015 haukuona tofauti yoyote kati ya vyumba vya waridi na vyeupe. Magereza yametumia rangi hii kwa sababu nyingine pia. Katika kaunti ya Maricopa huko Arizona, wafungwa wanaume walipewa chupi za waridi katika miaka ya 1990, jambo ambalo wengi waliliona kuwa ni kuwadhalilisha, ilhali nchini Rwanda watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 walifika mbele ya mahakama za kijamii za Gacaca wakiwa na sare za waridi, na hapo sare ilikuwa sare tu. Chagueni rangi yoyote nyepesi inayorudisha mwanga vizuri darasani, na fedha zitakazobaki zinunue madawati, kwa kuwa wanafunzi wanaobanana wanne katika dawati moja watapiga kelele hata mkipaka ukuta rangi gani.