Ndege endelevu itatua lini?

Msomaji wa Changamwe, mwanafunzi wa uhandisi, ameniandikia: "Mwalimu, shikamoo. Nimepewa makala fupi niwatafsirie wenzangu. Nimeandika hivi: 'Wabunifu wanatumia zana za kidijitali za kuzama ili kuunda ndege endelevu zaidi za mizigo.' Mwenzangu anasema 'za kuzama' si sawa, tuseme 'zamishi'. Nani kapatia? Na je, ni ndege ya mizigo, ya shehena au ya kargo?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho, ndilo jepesi. Mizigo inatosha. Shehena ni neno la Kiarabu lililokaa bandarini kwetu hata likawa mwenyeji, ila hupendelea chombo kilichojaa: meli imesheheni. Kargo linaeleweka Port Reitz na Kilindini, sina ugomvi nalo.

Kuzama, kwa lile neno la Kiingereza immersive, hapana. Zamishi pia hapana, hilo ni kosa lile lile lililovishwa kanzu. Tuko Mombasa. Bandari yetu imeitwa Kilindini kwa sababu ya kilindi, maji ya kina, na watu wa mji huu wanajua kuzama ni nini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, ikaondoka na watu zaidi ya 250. Aliyefiwa siku ile hawezi kukuta "kuzama" na "ndege" katika sentensi moja moyo usimshtuke. Ukigeuza ukasema "za kuzamia" umeharibu zaidi: mzamiaji kwetu ni kijana aliyejificha melini aende Ulaya bila tikiti, na habari ikiwa ni ya ndege ya mizigo, maana hiyo ndiyo itakayotangulia. Kweli, twasema fulani amezama katika mawazo, kwa hiyo mbunifu aweza kuzama katika kazi yake. Lakini anayezama hapo ni mtu, si zana.

Neno tunalo: uhalisia pepe. Pepe ni ile ile ya barua pepe, kitu kilichopo bila kushikika. Mbunifu huvaa miwani mikubwa inayomziba macho kabisa, akajiona amesimama tumboni mwa ndege ambayo bado haijakatwa hata bati moja. Akiinua uso anaiona dari. Akiinama anapima kama mpakiaji ataweza kukifikia kishikizo cha paleti iliyo kona ya nyuma, au atajigonga kichwa kwenye mbavu za ndege, ambazo fundi wa majahazi angeziita mataruma, na sijui kwa nini sisi tusiziite hivyo, ikiwa rubani tulimtoa baharini tukampandisha angani. Zamani mfano kama huo ulijengwa kwa mbao, ukubwa ule ule wa ndege yenyewe. Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1994, ndiyo ndege ya kwanza ya abiria iliyochorwa yote kwenye kompyuta, na leo ndugu yake wa mizigo anabeba tani 100 na kitu. Kosa likionekana kwenye miwani linafutwa. Likionekana kwenye bati, ni hasara. Basi andika "zana za uhalisia pepe" na "za kidijitali" uliondoe, limo ndani tayari.

Sasa nije kwenye neno ulilolipita bila kuuliza, nalo ndilo lililonikereketa: endelevu, tulilolipachika mahali pa sustainable ya Kiingereza.

Neno hili limekuwa chumvi mkononi mwa mpishi asiyeonja. Kilimo endelevu, utalii endelevu, mifuko endelevu, hoteli endelevu. Uundaji wake hauna kasoro: enda, endelea, endelevu, kama sikia ilivyozaa sikivu na tulia ikazaa tulivu. Hapo ndipo penye shida. Msikivu ni mwenye tabia ya kusikia. Mtulivu ni mwenye tabia ya kutulia. Endelevu, basi, ni chenye tabia ya kuendelea, kisichokoma. Mswahili ambaye hajapita kwenye semina akilisikia, hiyo ndiyo maana inayomjia, na ni haki yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano wa wavuvi, pwani ya kaskazini. Asubuhi nzima mtoa mada alisema uvuvi endelevu, uvuvi endelevu. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami, viganja vimekomaa kwa kamba, akainuka. "Mwanangu," akasema, "mwatutaka tuvue mfululizo? Na kusi je? Sisi bahari ikichafuka twavuta vyombo juu, twashona nyavu, na samaki nao wapumua." Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, na hasira ya siku ile ninayo mpaka leo. Mzee alikuwa ameelewa Kiswahili barabara. Alisikia endelevu, akaelewa kuvua bila kupumzika, yaani lile lile ambalo mkutano uliitishwa kulizuia. Na katika kulikataa neno aliieleza maana iliyokusudiwa vizuri kuliko mtoa mada na picha zake zote ukutani. Wangesema "uvuvi usiomaliza samaki", mzee angeitikia kwa kichwa, chai ingeletwa mapema.

Mweke mzee huyo mbele ya sentensi yako. Ndege endelevu ya mizigo ni ipi? Ni ndege isiyotua. Imepaa Changamwe, imepita Voi, yaendelea. Imefika Nairobi, haishuki. Inachoma mafuta usiku na mchana, na shehena yake ya maua inanyaukia angani. Nawe umeongeza "zaidi", kwamba hii yaendelea hata kuliko zile nyingine. Ulikusudia ndege inayochafua kidogo, ukaandika ndege inayochafua bila kukoma.

Na hata msomaji aliyekwisha kuzoea neno hili, bado linamnyima kitu. Madhara ya ndege hupunguzwa kwa njia zinazojulikana, na kila njia ina maneno yake. Unaipunguza uzito, kwa sababu kila kilo usiyoibeba ni mafuta usiyoyachoma. Unaibadilisha umbo, bawa na kiwiliwili viwe kitu kimoja, kama X-48B, ndege ndogo ya majaribio isiyo na rubani ambayo Boeing na NASA waliirusha mwaka 2007. Au unaibadilishia mafuta. Mwandishi akiniambia ndege hii inachoma mafuta machache kwa kila tani ya mzigo, naweza kumuuliza: machache kiasi gani? Akiniambia ni endelevu, sina pa kumshika.

Chukua hayo mafuta. Magazeti huandika "mafuta endelevu ya ndege", na msomaji anabaki anadhani ni mafuta yasiyokwisha tangini. Sehemu kubwa yake hutengenezwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika na mabaki ya mafuta ya wanyama, yakasafishwa upya kiwandani. Mei 2023 Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa imechanganya mafuta ya namna hiyo katika yale ya kawaida. Mwambie hivyo mama anayekaanga viazi karai Kongowea, ambaye kila jioni hulitazama karai lake akijiuliza ayamwage wapi yale mafuta meusi, uone kama hatakuuliza maswali kumi. Mwambie "endelevu", atakuuliza unataka viazi vya shilingi ngapi.

Nasikia watu wakikimbilia "rafiki wa mazingira" kama dawa. Ndege ya tani mia tatu haina urafiki na hewa inayoichafua, tusiisingizie.

Maendeleo endelevu nimeyaachia. Tangu Umoja wa Mataifa utoe malengo yake 17 mwaka 2015 neno limechapwa kwenye fulana, mabango na vitabu vya shule, na hapo angalau maana yake ya kuendelea haigombani na jambo lenyewe. Nimepigana nalo vya kutosha. Likae huko huko, lisipande ndege.

Andika hivi: "Wabunifu wanatumia zana za uhalisia pepe kuunda ndege za mizigo zitakazochoma mafuta machache." Kama kinachopunguzwa si mafuta bali ni kelele, au uzito, au taka za kiwandani, sema hicho. Na kama makala uliyopewa haisemi ni kipi, usimfichie mwandishi kwa Kiswahili chako. Rudi kwa aliyekupa kazi umuulize. Akikujibu "endelevu tu", mrudishie karatasi yake.