Namba ya mgeni unaitakia nini? Maswali na majibu

Safari hii nimechagua barua za watu wanaopokea wageni. Zote zinagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na zote zinarudi kwenye daftari lilelile la mapokezi ambalo nimelipigia kelele miaka yote hii.

Nasimamia makumbusho ndogo Bagamoyo. Kitabu chetu cha wageni kina safu za jina, anakotoka, simu, barua pepe na maoni. Kuna ubaya?

Upo. Mgeni wa arobaini anayeinama kuandika anasoma namba za thelathini na tisa waliomtangulia, na mwenye nia mbaya anapiga picha ukurasa mzima kabla hujageuka. Halafu, hizo namba umewahi kuzipigia hata moja? Sheria inataka ukusanye kwa lengo linaloeleweka, kiasi kinachotosha lengo hilo, na mwenyewe aambiwe lengo kabla hajaandika. Kama unatafuta takwimu za wageni, tarehe na mkoa au nchi anakotoka vinatosha.

Kama unatafuta maoni, weka vikaratasi visivyo na jina na sanduku lenye kufuli. Utaona maoni yenyewe yanabadilika. Aliyeandika jina lake huku mhudumu amemsimamia ataandika "huduma nzuri, Mungu awabariki". Kwenye kikaratasi ataandika kwamba choo hakina maji na mwongozaji alikuwa anaongea na simu muda wote. Hayo ndiyo ya kufanyia kazi. Anayetaka kuarifiwa maonyesho yajayo mpe karatasi nyingine, achague mwenyewe, uitunze vizuri, maana siku akilalamika utatakiwa kuonyesha kwamba aliridhia.

Na wenye madaftari yenye safu ya kabila: ifuteni leo. Asili ya mtu ni taarifa nyeti, na kwenye maoni ya mgeni haina kazi yoyote.

Sisi ni gesti ya vyumba sita tu. Sheria inatuhusu?

Inawahusu, nendeni mkajisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi mno.

Wateja waliacha namba kwenye fomu ya maoni. Tumewaingiza kwenye grupu la WhatsApp la ofa, wengine wanalalamika. Tufanyeje?

Livunjeni grupu, kisha mwombe radhi kila mmoja peke yake. Mteja aliwapa namba ili mumjibu kuhusu feni iliyoharibika. Hakuwapa ili watu mia mbili asiowafahamu waione. Dada mmoja aliniandikia kwamba aliingizwa kwenye grupu la namna hiyo, na usiku huohuo mwanamume asiyemjua akaanza kumtumia ujumbe akimuuliza bado yuko chumba kilekile. Soma tena hapo, kisha uniambie kama ofa ya kifungua kinywa ilistahili hofu ile. Mkitaka kutangaza biashara, ombeni ridhaa kwanza, kila mtu apokee ujumbe wake bila kuona namba za wenzake, na akisema "nitoeni" mtoeni siku hiyohiyo.

Mtalii Mjerumani aliyepanda Kilimanjaro na sisi anataka tufute taarifa zake zote. Yuko mbali, tunalazimika?

Mfutieni. Sheria yetu inamfungulia mlango wa kuomba hivyo, na kama mnauza safari kwa watu walioko Ulaya, kanuni za Umoja wa Ulaya za kulinda taarifa binafsi, GDPR, zinazotumika tangu Mei 25, 2018, zinawafuata hadi Moshi. Ankara na risiti bakini nazo, kwa sababu sheria ya kodi inataka mzitunze miaka mitano, na mwelezeni hivyo. Lakini ile fomu ya afya aliyoandika habari za presha yake iondoke. Nakala ya pasipoti pia, na msiishie kwenye kompyuta ya ofisini: iko kwenye simu ya mwongozaji, na huenda ya dereva pia.

Wanafunzi walitutembelea, mwalimu akakubali tuwapige picha. Tuziweke Instagram na majina yao?

Hapana. Mwalimu si mzazi. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Katika tangazo hilohilo baa moja ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja mmoja tu.

Fomu za zamani tuzitupe wapi?

Zichaneni vipande vidogo au zichomeni, na mtu mzima asimame hapo mpaka ziishe. Msimpe kijana wa usafi akaziuze kwa kilo. Nimewahi kununua karanga stendi, nikafungua kile kikaratasi, ndani nikakuta jina kamili la mama mmoja, namba yake ya simu na namba ya kitambulisho chake, kwa mwandiko wake mwenyewe.