Seti ya juu inapopasuka katikati

Seti ya meno bandia ya juu ikirudi karakana imepasuka kati ya meno mawili ya mbele, usikimbilie kuiimarisha kwa waya. Waya laini haushikamani na akriliki (plastiki ya meno bandia), na ufa mpya huanzia kandokando yake. Tazama kwanza kitako (sehemu ya akriliki inayobeba meno) kilianza kupasukia wapi. Mara nyingi ni kwenye mkato unaopisha kigozi kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi. Mkato wenye pembe kali hukusanya mkazo, na kwa kuwa kitako hupinda kidogo kila mara mtu anapotafuna, mwishowe huchoka. Uchonge uwe wa mviringo, kisha uung'arishe. Kama seti inapepesuka kwa sababu ufizi umesinyaa, tandika upya upande wa kitako unaokaa ufizini; hakuna akriliki itakayovumilia kupepesuka huko.

Kinachofuata ni upishi wa akriliki, na hapa ndipo nguvu nyingi hupotea. Pima kwa ujazo: unga wa akriliki sehemu 3, monoma (kimiminika chake) sehemu 1. Monoma ikizidi, kitako husinyaa. Funika chombo usubiri mpaka donge liache kunata vidoleni na kuvutika nyuzi. Ukipakia kabla ya hapo unajitafutia vitundu, ukichelewa halijazi flaski (kalibu ya kupikia). Pika kwenye nyuzijoto 74 kwa saa 2, ndipo upandishe hadi 100 kwa saa 1 nyingine. Monoma huchemka kwenye takriban 100, nayo akriliki inapokomaa hutoa joto lake yenyewe. Ndiyo maana flaski ikitumbukizwa moja kwa moja kwenye maji yanayotokota, sehemu nene hutoka na matundu kama mkate wa kumimina. Iache ipoe mezani nusu saa, kisha maji baridi robo saa. Kuifungua ingali moto ni kukipinda kitako.

Nyuzi za kioo ndizo za mwisho, na zinasaidia kweli zikiwekwa mahali pake: zikatishe njia ya ufa, nyuma ya meno ya mbele, karibu na uso unaotazama ulimi, kwa sababu huko ndiko akriliki huvutwa. Tumia zilizopakwa sileni (dawa inayoshikamanisha kioo na akriliki), uzilowanishe kwa uji mwepesi wa unga na monoma. Zikiingia kavu huacha hewa katikati yao, na unakuwa umejiwekea ufa kwa mkono wako. Zisichomoze nje, ulimi wa mgonjwa utazigundua siku hiyohiyo.

Unapotengeneza iliyovunjika, acha nafasi ya milimita 3 kati ya vipande, chonga kingo mshazari, zilowanishe kwa monoma dakika 3 kabla ya kumimina akriliki ya baridi (inayokomaa bila kupikwa), halafu iive ndani ya chungu cha mgandamizo.