Koili ya mota ya Bedini: chagua waya kabla ya kuhesabu mizunguko

Anayetaka kujenga mota ya Bedini huanza na swali lilelile: nisuke mizunguko mingapi ya waya? Naye hujibiwa 450, au 850, au 1,200. Namba hizi hupokezanwa kama dawa ya mganga, bila mtu kuuliza mgonjwa anaumwa nini.

Kwa asiyeijua, mota hii ni gurudumu lenye sumaku ukingoni, zote zikiwa zimeelekeza ncha ileile nje, na sumaku-umeme moja inayolisukuma. Koili yake, yaani waya uliozungushiwa chuma, ina nyuzi mbili zilizosukwa pamoja. Sumaku ikipita, uzi mmoja huihisi na kuwasha transista, swichi ya kielektroniki. Transista hupitisha mkondo wa betri ya kwanza kwenye uzi wa pili, na chuma cha katikati kikaisukuma sumaku. Transista ikizimika, nguvu ya sumaku iliyokuwa kwenye koili huanguka ghafla na kurusha volti kali, ambayo dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, huipeleka kwenye betri ya pili. John Bedini wa Marekani alipata hataza ya mota ya aina hii mwaka 2003, na wapo wanaoshikilia kwamba betri ya pili hupokea zaidi ya inachotoa ile ya kwanza. Mimi siamini, lakini naipenda mota yenyewe. Ukitaka kuielewa sumaku-umeme mpaka ndani, sijui kifaa rahisi kinachokufundisha zaidi ya hiki.

Turudi kwenye mizunguko. Nguvu ya sumaku-umeme hutokana na ampea kuzidishwa kwa idadi ya mizunguko. Hapo ndipo wengi hudhani kwamba ukiongeza mizunguko umeongeza nguvu. Lakini betri yako ni ya volti 12 na itabaki hivyo, na kila mzunguko unaoongeza unaleta ukinzani wake, yaani kuzuia kwake mkondo. Chukua waya wa shaba wa milimita 0.5. Mita moja ina ukinzani wa karibu omu 0.088. Tuseme mzunguko mmoja kwenye bobini, kile kiunzi kinachozungushiwa waya, una wastani wa sentimita 8. Ukisuka mizunguko 400, umetumia mita 32, ukinzani ni omu 2.8, mkondo ni ampea 4.3, na koili inakula wati 51. Ukisuka 800, ukinzani unakuwa omu 5.6, mkondo unashuka hadi ampea 2.1 na koili inakula wati 26. Sasa zidisha ampea kwa mizunguko katika hali zote mbili: jibu ni karibu 1,700, hapa na pale.

Yaani nguvu ni ileile, ila koili ya 400 ni pasi, na ya 800 hutoa nusu tu ya joto lake. Kwa betri ileile, unene wa waya ndio unaoamua nguvu, na idadi ya mizunguko inaamua joto. Waya wa milimita 1 una eneo la shaba mara nne ya ule wa 0.5, kwa hiyo utakupa nguvu mara nne kwenye bobini yenye mzunguko wa wastani uleule, mradi betri na transista yako vihimili mkondo wake.

Hesabu hiyo inafaa sumaku-umeme inayowaka mfululizo. Mota ya Bedini inawaka kwa vipindi vifupi, na hapa mizunguko mingi inadai gharama yake. Mkondo haupandi papo hapo ndani ya koili. Ukizidisha mizunguko mara mbili kwenye chuma kilekile, muda wa kupanda nao unaongezeka karibu mara mbili. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 30 likizunguka mara 300 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu mita 4.7 kwa sekunde, na sumaku yenye upana wa milimita 25 inapita mbele ya chuma kwa muda wa milisekunde 5 tu. Koili yenye mizunguko mingi mno bado inapandisha mkondo wake wakati sumaku imeshapita. Ndiyo maana mtu husuka koili nene ya kupendeza, kisha gurudumu likagoma kuongeza kasi. Kwa gurudumu dogo la haraka mimi huenda na waya mnene na mizunguko michache. Kwa gurudumu kubwa la baiskeli linalozunguka polepole, mizunguko mingi haina tatizo.

Chuma cha katikati kisikusumbue sana. Watu hutafuta chuma maalumu kinachosifiwa kupitisha usumaku mara maelfu kuliko hewa, lakini kwenye fimbo fupi iliyonyooka, yenye ncha mbili zilizo wazi, faida hiyo karibu yote hupotelea hewani. Umbo la fimbo lina uzito kuliko aina ya chuma. Mambo mawili tu yana maana. Kwanza, kiwe chuma laini kisichohifadhi usumaku. Bolti ngumu ya gari hubaki na usumaku hata umeme ukikatika. Pili, kisiwe kipande kimoja kinene, kwa sababu usumaku unaobadilika haraka huzalisha mikondo inayozunguka ndani ya chuma chenyewe na kukipasha moto. Fungu la vijiti vyembamba vya kuchomelea, vile visivyo na unga, linafaa sana. Vikate urefu wa bobini, paka kila kimoja vanishi, acha vikauke, ndipo uvibane ndani ya bomba.

Bobini yenyewe ni kipande cha bomba la plastiki na mashavu mawili ya plaiwudi. Toboa matundu ya kutolea waya kabla ya kusuka. Pitisha bolti ndefu katikati, ikaze kwa nati, funga ncha yake kwenye keekee ya mkono iliyobanwa kwenye jiliwa. Zungusha taratibu, na waya upite kati ya vidole vilivyovaa glavu ya kitambaa ili uvutike sawasawa. Ukipoteza hesabu si msiba: pima ukinzani mwishoni, gawanya kwa ukinzani wa mita moja, utajua urefu wa waya.

Je, lazima mistari ilale kwa unadhifu? Kwa usumaku, hapana. Mizunguko 500 iliyokaa ovyo huvuta karibu sawa na 500 iliyopangwa. Lakini volti inayorushwa transista inapozimika inaweza kufika mamia, na ukisuka ovyo, waya wa mwanzo unaweza kulala ubavuni mwa waya wa mwisho na vanishi inayoufunika waya ikatobolewa. Kwa hiyo panga, na weka karatasi nyembamba kila baada ya safu chache. William Sturgeon alipoonyesha sumaku-umeme yake Uingereza mwaka 1825, alipaka vanishi chuma na kukizungushia waya mtupu mizunguko 18 iliyoachana. Joseph Henry wa Marekani aliufunika waya wenyewe, akaweza kuubananisha na kuupanda safu juu ya safu, na nguvu ikapanda mno. Koili ni kihami chake, yaani kile kinachozuia umeme kuruka kutoka waya hadi waya. Waya uliong'olewa kwenye transfoma iliyoungua mimi siutumii kwa mota hii, hata nikipewa bure.

Ncha za waya ziache ndefu, na uziunge na waya laini wenye nyuzi nyingi ndani ya shavu, kwa sababu waya mmoja wa shaba ukikunjwa mara kwa mara tunduni hukatika, tena ndani kabisa usikoweza kufika. Vanishi ya ncha iondoe kwa msasa mpaka shaba ing'ae pande zote. Kisha, kabla ya gundi au vanishi ya juu, chukua mita ya kupimia umeme: kila uzi usomeke ukinzani uliotarajia, kati ya uzi na uzi pasisomeke kitu, kati ya uzi na chuma pasisomeke kitu. Koili ikishamwagiwa epoksi haifunguliki.

Siku ya kuwasha, weka fyuzi kwenye betri na usiwashe kamwe bila betri ya pili kuunganishwa. Transista ya 2N3055, inayopendwa kwa kazi hii, imepangiwa volti 60 tu kati ya kolekta na emita, miguu yake miwili inayopitisha mkondo wa koili. Volti ya koili isipopata pa kwenda, inaiua. Kitaa cha neoni kati ya kolekta na emita husaidia, na kikiwaka ujue njia ya betri ya pili imekatika. Usiguse ncha hizo. Gurudumu ukilisukuma kwa mkono halafu likakataa kuendelea, badilisha ncha mbili za uzi wa kuhisi kabla ya kulaumu kitu kingine.

Joto la ndani lipime kwa mita ileile. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Andika ukinzani wa koili ikiwa baridi, izungushe nusu saa, zima, pima haraka. Ukikuta umepanda asilimia 10, ndani pameongezeka nyuzi 25 hivi, hata kama juu panaonekana poa.

Kuhusu yale madai ya betri, usihukumu kwa volti. Betri iliyotoka kupigwa volti kali husoma juu kwa muda, kisha hushuka ukiiachia. Chukua betri mbili za aina moja, chaji zote zijae, kisha ipunguze moja kwa balbu na uandike dakika. Ijaze kwa mota, ipumzishe usiku kucha, iwashie balbu ileile mpaka volti ileile, uandike tena. Halafu pima pia betri ya kwanza, inayoendesha mota, ilitumia dakika ngapi za balbu hiyo kuijaza mwenzake. Kwangu ya kwanza imekuwa ikipoteza zaidi ya inachopata ya pili, kila mara, na koili iliyosukwa vizuri hupunguza tofauti hiyo bila kuimaliza.