Nimeshinda milioni 52, na mume wangu bado ananiachia elfu tano ya mboga

*Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza chai, chapati na supu karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Kwa miaka minne nimekuwa nikicheza bahati nasibu ya kwenye simu, mia tano mia tano, kimyakimya. Mwezi wa tatu nikapigiwa simu kwamba nimeshinda. Nikakata, nikajua ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wakapiga tena mara tatu. Anti, ilikuwa kweli. Baada ya makato, milioni 52 zimeingia benki.*

*Hii ni wiki ya saba na hakuna anayejua. Waliniita Dar kupiga picha na ile hundi kubwa kama mlango, nikasema naumwa. Mume wangu ni fundi ujenzi. Hanipigi, halewi, ila kumnyima kaka yake kitu hawezi. Kila asubuhi ananiachia elfu tano ya mboga, naipokea, nasema ahsante, roho inaniuma. Juzi mdogo wangu aliniomba 35,000 ya sare za mtoto, nikamwambia sina. Alipoondoka nililia.*

*Zamani nikiwaza kushinda nilikuwa nalala usingizi mtamu, najenga nyumba kichwani chumba kwa chumba. Sasa silali. Mama mkwe siku zote husema hela ya kamari ina mkosi. Je, nimwambie mume wangu? Na ndugu nitawafanyaje? Kucheza bado nacheza, sasa hivi elfu kumi kwa siku, maana wanasema bahati haiji peke yake.*

*Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Wiki saba zimepita hakuna aliyekupa hata hongera moja, basi ipokee kwangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye neno moja: sina. Neno hilo limekulinda maisha yako yote. Wakija na kadi ya mchango wa harusi, sina. Shemeji akija na mradi wake wa kuku wa mayai, sina. Na hakuna aliyekununia, kwa sababu ilikuwa kweli na kila mtu aliiona. Umaskini ulikuwa unakujibia watu. Leo neno ni lilelile, ila limegeuka uongo, na kila ukilitamka linakukwaruza koo. Ndiyo maana ulilia. 35,000 haimlizi mtu mwenye milioni 52.

Kwa hiyo kuficha hela ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kujifunza kusema "sitoi" huku unayo, mbele ya mtu unayempenda, bila kutazama chini. Mimi lilinishinda. Nilipolipwa kiinua mgongo changu, ndugu ambao mara ya mwisho tulionana msibani walinikumbuka ndani ya wiki mbili. Mmoja alinishawishi tununue Hiace, na kwa kuwa nilikwisha sema "sina" kwa wengine wanne nikajiona mchoyo, huyu wa tano nikamkubalia. Ile Hiace ililala gereji kuliko ilivyolala kwangu. Nikimwona kondakta mpaka leo nageuza uso.

Sasa mumeo. Mwambie.

Najua wapo watakaokushauri unyamaze hadi uzeeni, na kama ungeniandikia kwamba anakupiga, au aliwahi kukupokonya hela ya chapati, ningekushauri hivyohivyo. Hukuandika hivyo. Umeandika habari za mtu anayetoka na mwiko wake asubuhi na kukuachia elfu tano. Kila siku unayoipokea, siri inazidi uzito, na siku akiijua kwa mdomo wa mtu mwingine hataziona milioni 52, ataziona zile elfu tano zote alizoziacha mezani huku wewe ukimwambia ahsante. Hapo hakuna maelezo yatakayokaa. Na Morogoro si mji mkubwa hivyo. Wanaofanya kazi benki nao wana shangazi zao.

Ila usimwambie mikono mitupu. Kabla ya kufungua mdomo, hela iwe imeshakaa mahali pake, ili habari unayompa iwe imeisha kupikwa. Kiwanja kama utanunua, kinunue kwa jina lako. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe kama mume anavyoruhusiwa, na kuolewa hakuhamishi umiliki. Huo si ujanja wa kumkwepa mumeo. Ni kinga dhidi ya kaka yake, na yeye mwenyewe itamsaidia: kesho shemeji akija na hesabu za kuku, mumeo atasema kwa roho safi, "Ni hela ya mke wangu, mwenyewe kaifungia." Umempa mtu asiyeweza kunyima sababu ya kunyima. Mwanamume wa namna hiyo kimoyomoyo atakushukuru.

Chagua jioni watoto wamelala, simu zenu zote mbili zimezimwa. Usianze na idadi. Anza na hofu yako, kwamba wiki saba hulali na kwa nini. Idadi iwe ya mwisho. Akikasirika, muache akasirike, ana haki ya jioni moja. Mkubaliane kitu kimoja tu kabla ya kulala: hakuna mtu wa tatu anayeambiwa, awe mama yake au mama yako.

Kuhusu mkosi. Kama swali lako ni la halali na haramu, mpelekee sheikh au mchungaji wako, mimi si mwanachuoni. Lakini kama ni ile hofu kwamba kila aliyeshinda hufilisika, nina la kusema. Mtandaoni inazunguka takwimu kwamba asilimia 70 ya washindi hufilisika baada ya miaka michache, na hubandikwa jina la taasisi moja ya Marekani ya elimu ya fedha. Taasisi hiyohiyo ilitoa tamko mwaka 2018 kwamba haina utafiti wa namna hiyo. Huko Sweden watafiti waliwahi kuwafuatilia washindi wa bahati nasibu zaidi ya elfu tatu, na waliopata hela nyingi walikuwa bado wanaridhika na maisha kuliko wenzao hata baada ya miaka zaidi ya kumi. Walioharibikiwa wapo, na habari zao ndizo zinazosimuliwa kwa sababu zina utamu. Aliyenunua kiwanja akaendelea kukaanga chapati hana anayemsimulia.

Upo uchunguzi mwingine wa zamani, wa 1978, huko Illinois, uliowahusu washindi 22. Huo ulinifanya nikuwaze wewe. Waliulizwa wanapata raha kiasi gani kwenye mambo madogo ya kila siku: kupiga soga na rafiki, kusikia kichekesho, kula kifungua kinywa. Raha yao kwenye hayo ilikuwa ndogo kuliko ya majirani zao ambao hawakushinda chochote. Kifungua kinywa, mama! Biashara yako hiyohiyo. Kwa hiyo banda usilifunge. Weka msichana wa kukusaidia ili uamke saa kumi na moja badala ya saa tisa usiku, nunua jiko la gesi macho yapone moshi, ila ubaki pale na wateja wako. Usingizi uliokuwa unaupata ulitoka kwenye kujenga ile nyumba kichwani, na nyumba ya kichwani haina fundi anayechelewa wala mchanga unaoibwa. Imeisha. Ya kweli ina kelele, utaizoea.

Jambo ulilolisema kwa haraka mwishoni, kana kwamba ni dogo, ndilo lililonifanya niweke kikombe chini. Elfu kumi kwa siku? Uliposhinda ulikuwa unacheza mia tano. Elfu kumi kila siku ni 3,650,000 kwa mwaka. Chukua mchezo wa kawaida wa kuchagua namba sita kati ya 49: michanganyo iliyopo ni 13,983,816. Anayecheza mchanganyo mmoja kila siku angehitaji zaidi ya miaka elfu 38 kuimaliza yote. Mashine hiyo haikujui, haikumbuki kwamba ilikupa mwezi wa tatu, na haijakusudia kukupa tena. Acha leo. Ukiona mkono unairudia simu, basi hilo ndilo la kumwambia mumeo kwanza, hata kabla ya milioni 52.

Hela yenyewe usiiache yote kwenye akaunti moja ya kawaida. Benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana humlipa mteja hadi milioni 7.5 tu. Kanunue hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali hela yako, zinaanzia milioni moja na hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Sehemu nyingine ipeleke UTT, taasisi ya Serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi, ambako ukiwa na shida unatoa ndani ya siku chache. Miezi sita ya kwanza usianzishe mradi wowote mpya, na kama nilivyokwisha sema, hasa wenye magurudumu.

Kwa ndugu, tenga fungu moja, tuseme milioni nne, na hilo likiisha limeisha. Kama mama yako anahitaji bati za nyumba, zitoke humo kwanza. Wengine ukiwasaidia, lipa kitu chenyewe: ada ipeleke shuleni, dawa zinunue dukani. Fungu likikauka, ndipo useme "mwaka huu sitoi tena". Hawatalipenda neno hilo, watanuna, na baadhi watanuna mpaka Idi. Utakuwa bado hai.

Na mdogo wako usimngoje. Mfuate leo kwake, mpe 35,000, si 350,000, na umwambie tu "nimepata". Shule zinafunguliwa, na sare za kushonesha zinachukua siku.